Kuosha vyombo kwa sabuni ya kipande: mwongozo kwa jiko la Mombasa

Niliweka gunia chini ya sinki, hapa kwetu Kisauni, na kila chupa ya sabuni ya maji iliyokwisha nikaitia humo badala ya kuitupa. Miezi 3 ikaleta chupa 7. Sisi ni watu 6 nyumbani, tunapika mara mbili kwa siku, na miezi hiyo haikuwa na Ramadhani wala harusi. Kwa hesabu hiyo jiko moja linatoa chupa 28 kwa mwaka, na mtaani kwetu hakuna mlango usio na jiko.

Zinakokwenda tunakujua. Aliyepita Kibarani kabla jaa lile halijafungwa hahitaji kuelezwa. Siku hizi taka hupelekwa Mwakirunge, lakini si zote zinazofika. Nyingine hubaki mitaroni, na mvua ya masika ikishuka husombwa mpaka hori ya Tudor zikanasa kwenye mizizi ya mikoko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na tofauti tuliiona kwa macho. Chupa ya sabuni haikuguswa na katazo lile. Hiyo itatoka jikoni kwa mkono wa mwenye jiko.

Na ukiitazama vizuri, sehemu kubwa ya kilichomo ndani ya chupa ile ni maji. Tunanunua maji, tunalipia chupa ya kuyabebea, kisha chupa tunaitupa. Kipande cha sabuni kina maji machache zaidi, na kinafungwa kwa karatasi kikatosha. Ndiyo sababu nilihama. Ila wiki ya kwanza mambo yalikataa kabisa, na nitakueleza kwa nini, maana usipoijua sababu utarudi kwenye chupa kabla mwezi haujaandama.

Maliza kwanza uliyo nayo

Usimwage sabuni iliyomo kwenye chupa ili uanze upya. Itumie mpaka tone la mwisho, na wakati huo uyachunguze maji yako na utafute kipande kinachofaa. Chupa moja tupu iweke, tutaihitaji mwishoni. Zilizobaki zisuuze, uzitenge na taka za jikoni, na umpe anayekusanya plastiki ya kuuza kwa kilo. Chupa iliyochanganyika na maganda na mchuzi hapendi kuichukua mtu.

Yajue maji yako

Hapa ndipo wengi tunapokwama, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Ijumaa moja tulikuwa na wageni. Asubuhi niliosha glasi 12 kwa kipande cha sabuni ya kufulia na maji ya kisima, nikazifudikiza juu ya kitambaa. Zilipokauka zilikuwa na utando mweupe, ukipitisha kidole kinateleza kama umeshika mshumaa. Jirani yetu, mama mtu mzima aliyekulia Mji wa Kale, aliinua moja akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwanangu, glasi hizi umeziosha kwa maji gani?"

"Ya kisima, bibi. Ya bomba hayajaja tangu Jumanne."

"Basi usiilaumu sabuni. Maji ya kisima yanaila. Tafuta sabuni ya nazi, na mwisho suuza kwa maji ya ndimu."

Yote mawili yalikuwa sawa, na ninaandika mwongozo huu kwa sababu ya maneno yale. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji yakipenya humo huchukua kalsiamu, na kisima kikiwa karibu na bahari hupata chumvi pia. Sabuni ya asili, yaani ile inayozaliwa mafuta yakikutana na kostiki soda (kemikali kali inayounguza), ikiingia kwenye maji ya namna hiyo hushikana na kalsiamu ikawa unga mweupe usioyeyuka. Unga huo ndio utando wa kwenye glasi, na ndio ule mviringo wa kijivu unaobaki kwenye besheni. Povu halitoki mpaka kalsiamu iliyomo iwe imeshiba sabuni. Sabuni ya maji ya chupani kwa kawaida hutengenezwa kwa vitu vingine visivyoshikana na kalsiamu kwa kiasi hicho, ndiyo maana hujapata kuliona jambo hili.

Pima maji yako hivi:

1. Chukua chupa ya glasi yenye kifuniko, safi, isiyo na mafuta. Itie maji hadi nusu.
2. Kwangua sabuni kwa kisu, kiasi cha ukucha wa kidole gumba, uitie ndani.
3. Tikisa kwa nguvu ukihesabu hadi 30, kisha iweke mezani.
4. Itazame baada ya dakika 5.

Povu likisimama juu na maji ya chini yakabaki karibu kuwa maangavu kama yalivyokuwa, maji hayo yanapatana na sabuni. Yakigeuka kama tui jepesi, na vijivumbi vikaelea na povu likatoweka, hayo ni maji magumu. Fanya hivyo kwa kila maji yanayoingia nyumbani kwako, moja moja: ya bomba, ya kisima, na ya mitungi ya mkokoteni (muulize mwenye mkokoteni ameyachota wapi, kwani mtungi hausemi). Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati baada ya vumbi kuoshwa ndiyo mazuri kuliko yote.

Hakuna anayeweza kuosha kila kitu kwa maji matamu, yaani yale yanayopatana na sabuni, katika mji ambao bomba lina siku zake. Gawanya kazi. Maji magumu au ya chumvi yatumie kuondoa mabaki na kulowekea sufuria. Maji matamu, hata yakiwa lita 5 tu, yahifadhi kwa kutia sabuni na kwa kusuuza mara ya mwisho. Wako wanaotia magadi kidogo kwenye maji ya kisima ili kalsiamu ishuke chini kabla ya sabuni kuingia. Njia hiyo inafanya kazi, lakini magadi huzipiga weusi sufuria za alumini, kwa hivyo yaache kwa sahani na glasi.

Kuchagua kipande

Sabuni ya mafuta ya nazi ndiyo ya kwetu. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, na sabuni inayotokana nayo huyeyuka upesi na kutoa povu hata kwenye maji yenye chumvi, pale ambapo sabuni ya mafuta mengine inakataa. Mabaharia waliijua zamani, waliokuwa wakioga na kufua kwa maji ya bahari. Haifuti ugumu wa maji wote, utando kidogo utauona bado, lakini tofauti yake na mche wa kawaida utaiona siku ya kwanza. Mafuta yenyewe yanatoka kwa jirani zetu wa Kwale na Kilifi, na wako akina mama wanaoyageuza sabuni nyumbani na kuiuza kwa kipande.

Ukiikosa, mche wa sabuni wa dukani utakusaidia mradi maji yako ni matamu. Chagua usio na manukato makali, kwani harufu ya waridi kwenye kikombe cha chai haimpendezi mtu. Mwambie mwenye duka akukatie na akufungie kwa gazeti, au nenda na kibweta chako. Kipande kilichofungwa kwa karatasi ya nailoni kimeshapunguza nusu ya faida.

Kuna pia sabuni nzito ya vyombo inayouzwa ndani ya kopo la plastiki. Hiyo si kuhama. Umebadilisha umbo la plastiki, basi.

Kiti cha sabuni: kifuu

Kwa unyevu wetu, sabuni ikikaa kwenye kisahani bapa itakuwa uji kufikia jioni, nawe utasema sabuni ya kipande huisha haraka. Haiishi kwa kuoshea. Inaisha kwa kulala ndani ya maji.

Ukimaliza kukuna nazi usikitupe kile kifuu chenye macho. Nazi ina macho 3, na moja kati yake ni laini, msumari unapita bila kulazimishwa. Mengine 2 yatoboe kwa msumari uliopashwa moto. Kwangua nyama iliyobaki ndani mpaka kusiwe na weupe hata kidogo, la sivyo sisimizi watahamia humo, kisha kianike siku moja. Tandika ndani usumba wa makumbi, kiasi cha kujaza kiganja, na sabuni ikae juu ya usumba huo. Maji yanapita kwenye macho, hewa inapita chini ya sabuni. Kifuu ni mviringo na hakisimami chenyewe, kwa hivyo kisokotee kata ndogo ya kamba, kama ile ya kubebea ndoo kichwani, ukikalishe juu yake. Changu kina zaidi ya mwaka na kimekuwa cheusi cha kung'aa kama kimepakwa vanishi.

Kiweke mbali na maji ya bomba yanayoruka. Na kikate kipande chako mara mbili: leo nusu hii, kesho ile, kila moja ipate siku ya kukauka. Kwa mpango huo tu kipande kilichokuwa kikinimalizikia kwa siku 10 sasa kinafika siku 18.

Cha kusugulia

Sponji ya manjano na kijani ni plastiki pia, na kila inapochakaa vipande vyake vidogo vinapita kwenye bomba la maji machafu. Kuna dodoki. Linatambaa lenyewe kwenye ua, linasubiriwa likauke mtini, linamenywa, mbegu zinakung'utwa, na linakatwa vipande vya upana wa vidole vinne. Likilowa linakuwa laini kwa glasi na sahani. Kwa sufuria yenye ukoko chukua fungu la makumbi, ukilichemsha kwanza ili rangi yake ya kahawia itoke. Usilitumie kwenye kikaango kisichoshika chakula, kitakwaruzika. Vyote viwili vianike juani kila siku, na vikianza kunuka vipeleke kwenye shimo la mboji.

Kuosha kwenyewe

Mpangilio una maana zaidi kwa sabuni ya kipande kuliko kwa sabuni ya maji, kwa sababu sabuni ikikutana na mafuta mengi kwa wakati mmoja inashindwa.

Anza kwa kufuta. Sinia la biriani, sufuria ya kuku wa kupaka, kikaango cha samaki: futa mafuta kwa gazeti au kwa ganda la ndimu kabla maji hayajagusa chombo. Hapo umeshamaliza nusu ya kazi, na bomba la maji machafu umeliokoa, maana mafuta yakikutana na sabuni na maji magumu huganda humo yakawa kama nta.

Loweka dodoki kwenye maji matamu, ya uvuguvugu kama unayo. Lipitishe juu ya sabuni mara 5 au 6, likamue mara moja kwenye kiganja mpaka povu litokeze, kisha sugua. Usikitumbukize kipande ndani ya besheni na kukiacha humo. Glasi na vikombe kwanza, vijiko na mabakuli, sahani, na sufuria mwisho. Povu likifa usiongeze maji, ongeza sabuni. Ukiona dodoki linateleza lakini halina povu, hiyo ni grisi imelishinda, lisuuze kwa maji moto uanze tena.

Suuza kwa besheni 2. La kwanza linaweza kuwa la maji ya kisima ukiwa huna budi. La pili liwe la maji matamu, na kwa glasi kamulia humo ndimu 1 kwa lita 3 hivi, au tia vijiko 3 vya siki. Ndimu huyeyusha utando ule mweupe na huondoa shombo ya samaki ambayo sabuni pekee haiimalizi. Lakini isubiri zamu yake. Ukiitia kwenye maji yenye sabuni, sabuni inavunjika na kurudi kuwa mafuta, na vyombo vitatoka vibaya kuliko vilivyoingia. Na siki au ndimu isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Vikaushe kwa kitambaa mara moja, hasa glasi. Tone la maji ya kisima likikaukia kwenye glasi linaacha alama yake hata kama sabuni ilikuwa nzuri vipi.

Ukitaka kuitengeneza mwenyewe

Si lazima. Lakini nazi ziko, na ukishajua huachi. Nakutajia kipimo ninachotumia, na nakuomba usikibadilishe kwa kukisia:

- mafuta ya nazi gramu 500
- kostiki soda safi gramu 90
- maji matamu gramu 200

Pima vyote kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu, hata mafuta na maji, usipime kwa kikombe. Kostiki soda iwe tupu. Ile ya kuzibulia mabomba mara nyingi imechanganywa na vitu vingine. Na sikiliza hili kuliko yote: usitumie sufuria ya alumini, ambayo ndiyo karibu kila sufuria tuliyo nayo. Kostiki soda huila alumini ikachemka na kutoa gesi inayoshika moto. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu au ndoo nene ya plastiki, ambacho hakitarudi kwenye chakula tena.

Vaa glavu, miwani na nguo ya mikono mirefu. Fanyia kazi uani, upepo ukiwa mgongoni kwako, watoto wakiwa kwingine. Mimina kostiki soda ndani ya maji kidogo kidogo ukikoroga. Usifanye kinyume, yaani maji juu ya soda, kwani huruka. Itapata moto yenyewe na kutoa mvuke mkali. Jitenge nao. Ikikurukia ngozini, miminia maji mengi kwa dakika 15 au zaidi. Ikiingia jichoni, suuza hivyo hivyo huku unapelekwa hospitali.

Acha maji hayo yapoe mpaka chombo kishikike kwa nje. Mafuta hayahitaji kupashwa, kwani ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na mchana hapa Mombasa kwa kawaida hatufiki huko. Mimina maji ya soda ndani ya mafuta ukikoroga bila kuacha, kwa mwiko wa mti, mpaka yawe mazito kama uji wa mgonjwa na alama ya mwiko ibaki juu kidogo. Kwa mkono inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Mimina ndani ya pakiti tupu ya maziwa.

Sabuni ya nazi hukauka haraka na ikishakauka hupasuka ukiikata. Iangalie kila saa, na ikiwa imara lakini bado ina joto, ikate, glavu zikiwa bado mkononi. Vipande vipange kwenye uteo mahali penye kivuli na hewa, viachane, kwa wiki 4. Wakati wa mvua vipe wiki 6. Kwa kipimo hiki kunabaki mafuta kidogo sana yasiyogeuka, ndiyo maana inaondoa grisi vizuri, na ndiyo maana pia inakausha mikono. Paka mafuta baada ya kuosha.

Vijipande vya mwisho

Sabuni ikibaki nyembamba kama jani huvunjika na kupotea kwenye usumba. Vikusanye vijipande hivyo kwenye kikopo mpaka vifike gramu 50. Vikwangue, vitie kwenye nusu lita ya maji moto ya bomba au ya mvua, koroga, acha usiku kucha. Asubuhi itakuwa imeshikana kama uji wa sagu. Mimina kwenye ile chupa niliyokwambia uiweke, na uitumie kwa vitu vinavyosumbua kwa dodoki: mdomo wa chupa ya chai, kifumbu, meno ya mbuzi ya kukunia nazi. Ikizidi kuganda ongeza maji moto kidogo, utikise.